Dawa ya kunguni, mende na utitiri: kabla hujalipa, uliza habari za mayai

"Nimepuliza, wamekufa wote, wiki mbili baadaye wamerudi." Lalamiko hili nimelipata kutoka Mbagala, Tabata, Morogoro na kwa shemeji yangu aliyeko Mombasa, na kila mtu humalizia kwa swali lile lile: ipi ndiyo dawa kali zaidi? Ukali hausaidii hapa. Hao wa wiki ya pili hawakutoka kokote. Walikuwamo humo humo kwenye mbao za kitanda, wakiwa mayai, na dawa iliwapita juu.

Ndiyo maana hapa sitapima harufu, ukubwa wa kopo wala kasi ya kumwangusha mdudu. Karibu kila kinachouzwa kitamuua mdudu uliyemlowesha. Napanga kwa kigezo kimoja ambacho wauzaji hawakigusi: yai linafanywaje? Njia ni mbili tu. Ama uliunguze, ama uweke kitu kitakachokaa pale pale mpaka kitoto kianguliwe kikikute. Bidhaa isiyoweza hata moja kati ya hizo itakurudisha dukani.

Jike la kunguni hutaga yai moja hadi matano kwa siku, na maishani mwake huvuka mia mbili. Yai lina urefu wa milimita moja hivi, jeupe, limegandishwa ndani ya ufa, na kwa joto letu huanguliwa kati ya siku ya 6 na ya 10. Wale mende wadogo wa kahawia wa jikoni nao wana ujanja wao. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 nyuma ya tumbo lake mpaka karibu na siku ya kuanguliwa. Kifuko hicho ni kigumu na dawa ya kupuliza haipenyi.

Kwanza, nani anakuuma?

Pesa nyingi hupotea hapa, kabla hata ya kufika dukani. Mtu anawashwa usiku, ananunua dawa ya kunguni, kumbe ana upele. Upele huletwa na utitiri mdogo sana unaoingia ndani ya ngozi yenyewe na kutaga humo. Muwasho huzidi usiku, vipele hukaa katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni, na nyumba nzima huanza kujikuna. Kupuliza chumba hakukusaidii chochote. Nenda zahanati au kwa mfamasia, mpewe krimu ya permethrin ya asilimia 5 au benzyl benzoate, mpakae wote siku moja, na mrudie kama mtakavyoelekezwa, kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili. Siku hiyo hiyo fueni mashuka na nguo kwa maji ya moto.

Kama juu ya dari wamelala njiwa, au banda la kuku limegusana na ukuta wa chumba, mshuku utitiri wa ndege. Ni vidoa vya kijivu vinavyotembea, vikishashiba damu huwa vyekundu. Huja ndani hasa kiota kinapobaki kitupu. Ondoa kiota, choma takataka zake, kisha tibu banda. Wafugaji wengi wanajua dawa za unga kama Akheri Powder na Sevin zinazouzwa maduka ya mifugo. Hizo ni za bandani. Usizimwage kitandani. Na banda lirudiwe, kwa sababu utitiri huu hukamilisha kizazi ndani ya wiki moja tu hali ya hewa ikiwa ya joto.

Utitiri wa vumbi la godoro hauumi kabisa, na huwezi kuuona kwa macho. Shida yake ni kinyesi chake, kinacholeta mafua ya asubuhi, chafya na kuamsha pumu. Ukiona mtoto anapiga chafya kila akilala lakini hana alama ya kuumwa, usinunue dawa ya kupuliza, hasa kwa mtoto mwenye pumu. Fua mashuka kwa maji ya nyuzi 60, na anika godoro juani, kwa kuwa wadudu hawa huhitaji unyevu ili waishi.

Kunguni wao wana ushahidi wa wazi: vidoa vyeusi kwenye mishono ya godoro, maganda ya kujivua, na alama za kuumwa zilizopangana mstari pale ngozi ilipokuwa wazi. Piga tochi kwenye viungio vya chaga kabla hujatoa hata shilingi.

Nafasi ya kwanza: mashine ya mvuke

Kwa kunguni sina mjadala. Joto la nyuzi 48 huhitaji zaidi ya saa nzima kuliua yai la kunguni. Likifika nyuzi 55 yai hufa karibu papo hapo. Mvuke unaotoka kwenye mashine nzuri unapita hapo kwa mbali, na hakuna kunguni aliyejenga usugu dhidi ya maji ya moto.

Mimi ni mtu wa Kärcher, kampuni ya mashine za usafi, na nalisema waziwazi. Hawanijui wala hawanipi chochote. SC 2 yao inabeba lita moja ya maji na inakula wati 1500, maana yake ukiiwasha saa nzima imekula uniti moja na nusu ya LUKU. Ninachokipenda ni kwamba mvuke wake hutoka mkavu kiasi, kwa hiyo godoro halilowi chapachapa, na mashine ina kichwa kipana cha kufunga kitambaa. Kichwa hicho ndicho unachokihitaji. Mdomo mwembamba una kasi mno, utawapeperusha kunguni na mayai hadi chini ya kabati. Pitisha polepole, kama sentimita moja kwa sekunde, kwenye mishono ya godoro, mashimo ya skrubu, nyuma ya ubao wa kichwani na mikunjo ya pazia. Usiukaribie umeme wa ukutani. Zile pasi za mvuke za kunyooshea nguo zikiwa zimetundikwa hazifai kazi hii. Zinatema maji na joto linapotea kabla halijaingia ufani.

Bei yake inauma, ni laki kadhaa. Nilichokiona kikifanya kazi katika nyumba za kupanga ni wapangaji wa ukumbi mmoja kuchanga. Na si suala la pesa peke yake. Kunguni hupita kwenye nyufa za ukuta na mabomba ya nyaya, kwa hiyo ukisafisha chumba chako peke yako, wa jirani watahamia kwako. Asiyeweza kabisa amwagie chaga maji yanayochemka. Yanaua mayai pia, ila godoro ndilo litamshinda.

Ninachokilalamikia ni maduka ya vifaa vya umeme yasiyobandika bei. Unaingia, muuzaji anakutazama viatu kwanza, ndipo anatamka. Mashine ile ile, siku ile ile, mitaa miwili ya Kariakoo, tofauti yake inatosha kununua godoro la mtoto. Kisha ukiuliza kama vitambaa vya akiba vipo, unaambiwa "vitakuja". Dai risiti ya EFD na uiwashe mashine pale pale mpaka itoe mvuke.

Nafasi ya pili: Advion, kwa mende tu

Advion ni jeli ya kampuni ya Syngenta iliyo kwenye bomba kama sindano, gramu 30, yenye sumu ya indoxacarb asilimia 0.6. Haiui mayai. Inasubiri. Mende akila hafi pale pale, hurudi mafichoni, hunya, hufia humo, na vitoto vinavyoanguliwa hula kinyesi na mizoga hiyo vikafa pia. Hapa ndipo jeli inapoyashinda makopo yote, kwani imekaa mlangoni kwa kifuko cha mayai kabla hakijapasuka.

Weka matone madogo kama punje ya mchele, mengi, bawabani mwa kabati, nyuma ya friji karibu na mota, chini ya sinki. Tone moja kubwa halina maana. Na tafadhali, usipulize dawa nyingine karibu na jeli. Mende watapakimbia mahali hapo na chambo chako kitakauka bila kuguswa. Mama wengi wanaoniambia jeli haifanyi kazi walipuliza jioni ile ile.

Hapa nina hasira ya haki. Bomba hili hili nimetajiwa elfu ishirini na tano duka moja na elfu arobaini na tano la pili. Baya kuliko yote, kuna wanaowauzia watu jeli kama dawa ya kunguni. Kunguni hula damu tu. Hana mdomo wa kulamba jeli. Anayekuuzia hivyo ama hajui anachouza, ama anajua.

Mfuko wa godoro wenye zipu, na unga wa diatomaiti

Mfuko huu nauweka wa tatu, na unasaidia kwa kunguni na kwa utitiri wa vumbi pia. Mayai yaliyomo godoroni yataanguliwa, vitoto vitakosa damu, vitafia ndani. Kunguni anaweza kuvumilia njaa miezi mingi, kwa hiyo usiufungue kabla ya mwaka. Ukienda kuununua, achana na sifa za kitambaa, tazama zipu. Kitoto cha kunguni kina upana usiofika milimita moja, na zipu yenye meno makubwa ni mlango kwake. Vuta kishikizo hadi mwisho uone kama kinabakiza tundu. Mingi iliyoko sokoni inabakiza. Pale pafunike kwa kimfuko cha kitambaa kilichoshonwa, au uirudishe.

Unga wa diatomaiti ni mabaki ya mimea midogo ya majini iliyogeuka jiwe. Kenya inachimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil. Unakwangua nta iliyo juu ya ngozi ya mdudu, anakauka. Hauui yai, lakini ukibaki mkavu ufani unamsubiri kitoto kwa muda mrefu. Pwani unashika unyevu na kupoteza nguvu, kwa hiyo nawashauri zaidi watu wa Arusha, Dodoma na Nakuru. Paka kidogo sana kwa brashi, ukiwa umefunga pua na mdomo.

Makopo ya kupuliza

Doom, Raid, HIT na ndugu zao ni nzuri kwa mbu na kwa mende aliyekatiza sebuleni. Kwa kunguni nayaweka chini. Soma viambato: majina yanayoishia na thrin, kama cypermethrin, permethrin na deltamethrin, ni ukoo mmoja ulioigwa kutoka kwenye pareto, zao tunalolima Mufindi na Mbeya. Dawa zinazowekwa kwenye vyandarua ni za ukoo huo huo. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa kaskazini mashariki mwa Tanzania ulioonyesha kwamba kunguni wa vijiji vilivyotumia vyandarua vyenye dawa kwa miaka wamekuwa sugu kwao. Kwa hiyo unapuliza kitu ambacho mdudu amekizoea, na mayai hayajaguswa, na wale wazima wametawanyika hadi chumba cha watoto. Ukilazimika, nunua yenye viambato vya koo mbili tofauti, na weka akiba ya kurudia kati ya siku ya 10 na ya 14, vitoto vikishatoka na kabla havijakua vikaanza kutaga.

Chaki ya mende: usinunue, mtoto ataichukua akidhani ni ya ubaoni.

Chupa za maji zilizojazwa kimiminika cheupe, zinazopitishwa mitaani na kipaza sauti kinachotaja kunguni, mende, chawa, viroboto, papasi na panya kwa pumzi moja: hapana. Haina lebo, haina kipimo, na mara nyingi ni dawa ya shambani iliyomiminwa upya. Vidonge vya kufukizia mahindi ghalani navyo visiingie chumbani hata siku moja. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo inaua watu waliolala, hata chumba cha jirani.

Dawa halali ina namba ya usajili. Kwa Tanzania ni ya TPHPA, mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 ikachukua kazi za TPRI, taasisi ya zamani ya viuatilifu. Kwa Kenya tafuta herufi PCPB, za bodi yao ya viuatilifu. Tazama pia mstari wa rangi chini ya lebo: kijani na bluu ndizo za kufikiria kwa nyumba wanamolala watu, njano ni ya kuogopa, nyekundu irudishe rafuni.

Mafundi wa kupuliza nyumba nao wamenichosha. Wanakuja na pampu mgongoni, wanakataa kuonyesha kopo la dawa, wanapiga chumba dakika chache, wanapokea pesa yote, na ukiwapigia wiki ya pili simu haishikwi. Usikubali bei isiyojumuisha ziara ya pili. Mwulize fundi yai la kunguni huanguliwa baada ya siku ngapi. Akishindwa kukujibu, tafuta mwingine. Akijibu, lipa nusu, na nusu nyingine umpe atakaporudi kupuliza mara ya pili.