Difyuza za flashi nilizotumia kwenye sebule za Mwanza: kofia, bakuli na mwamvuli

Kazi yangu kubwa ni kupiga picha za watu ndani ya nyumba: ubatizo, kipaimara, sendofu, na picha za familia zile ambazo watu hutaka ndugu wakirudi Mwanza mwezi wa kumi na mbili. Nazunguka zaidi Kirumba, Nyakato, Pasiansi na nyumba za mlimani kule Isamilo na Bugando. Sebule nyingi huku ni ndogo, makochi yamejaa, na pazia zito likishashushwa hakuna mwanga wa maana hata saa sita mchana. Flashi ni lazima. Lakini flashi tupu ikimlenga mtu usoni inamharibia sura: paji linang'aa, chini ya kidevu kunakuwa cheusi, na ukutani nyuma yake kunabaki kivuli kama kimekatwa kwa mkasi.

Natumia flashi ya Godox TT600. Haijipimii mwanga, nguvu yake naipanga mwenyewe, na hilo kwa picha za watu waliotulia halinisumbui hata kidogo. Inatumia betri nne za AA, mimi naweka za kuchaji, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami. Difyuza, yaani vifaa vinavyowekwa kwenye flashi ili kutawanya mwanga wake, nimezitumia za aina tatu, na nitazieleza jinsi zilivyonifaa kazini.

Ya kwanza ni kofia ya plastiki nyeupe, ile inayovalishwa kwenye kichwa cha flashi. Ni rahisi, ni nyepesi, inaingia mfukoni. Wengi wanainunua wakiamini plastiki yenyewe ndiyo inayolainisha mwanga, na sivyo. Ulaini unatokana na ukubwa wa chanzo cha mwanga ukilinganisha na umbali wake hadi kwa mtu. Kichwa cha flashi kina upana wa sentimita saba hivi. Kifunike na kofia, bado ni kitu kidogo kilichosimama mita mbili kutoka kwa mteja. Mpige mtu aliyekaa karibu na ukuta halafu uangalie kivuli cha sikio lake: ukingo uko pale pale, mkali.

Kinachofanywa na kofia ni kutawanya mwanga kila upande, ili sehemu yake igonge dari na kuta halafu irudi kwa mtu. Dari ndiyo inayolainisha. Ukipata chumba chenye dari ya jipsamu nyeupe, isiyo juu sana, kofia inakupa picha safi kabisa. Ukiingia nayo ukumbini, paa liko juu na vitambaa vya mapambo ni vya zambarau, inakula betri bure. Na hata kwenye hiyo dari nzuri, mara nyingi naiacha kwenye begi: nainua kichwa cha flashi kielekee juu, nachomoa ile kadi nyeupe ndogo iliyomo kwenye flashi yenyewe, na matokeo ni yale yale. Kadi inatupa mwanga kidogo mbele ili macho yasizame gizani.

Bakuli la silikoni ni hatua moja mbele. Langu halina jina la maana, linashikwa na mkanda wa mpira. Yapo ya MagMod yanayoshikwa kwa sumaku na bei yake ni nyingine kabisa. Ni pana kuliko kofia na halivunjiki likidondoka, jambo muhimu unapokimbizana na maharusi kutoka chumbani hadi kwenye gari. Mwanga wake ni wa duara, hauna ukingo mkali. Lakini linameza stopu moja (yaani nusu ya mwanga) au zaidi, kwa hiyo inabidi uongeze nguvu ya flashi au upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, na betri zinapungua haraka. Nalipenda kwa kazi za kutembea. Kwa picha ya mtu mmoja aliyetulia, hapana.

Hapo ndipo unapokuja mwamvuli mweupe wa kupitisha mwanga, na hapa sina maneno ya kupima. Wangu ni wa inchi 43, yaani sentimita 109 hivi. Flashi inakaa kwenye stendi, inapiga kupitia kitambaa, na kitambaa kizima kinageuka kuwa taa. Hebu fikiria tofauti ya sentimita saba na mita nzima, halafu hiyo mita uisogeze karibu na uso wa mtu.

Familia moja ya Nyakato ilitaka picha ya bibi yao akiwa kwenye kochi lake, kitenge kipya na kilemba. Niliweka stendi upande wake wa kushoto, mwamvuli juu kidogo ya kichwa, karibu kiasi kwamba ukingo wake ulikuwa nje tu ya picha. Lenzi ya milimita 85, f/4, ISO 400, shata 1/160. Mikunjo ya pembeni mwa macho ilionekana yote lakini haikuchimbwa. Kivuli cha hereni kilishuka shingoni kikafifia polepole, hujui kinaishia wapi. Ukikuza picha, ndani ya kila jicho kuna doa jeupe la duara lenye mistari myembamba ya mbavu za mwamvuli. Nilipomwonyesha kwenye skrini ya kamera alikaa kimya kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, hapa nimefanana na marehemu mama."

Kuna jambo sisi wa huku tunapaswa kulijali zaidi. Ngozi nyeusi yenye mafuta kidogo, kwa joto la ukumbi lililochanganyika na unyevu wa ziwa, inang'aa. Flashi ndogo inaacha madoa meupe makali kwenye paji na pua, na wapo wapiga picha wanaoishia kumpaka mteja poda mpaka abadilike rangi. Chanzo kikiwa kikubwa, ule mng'ao unasambaa eneo pana na ukali wake unashuka. Ngozi inabaki na uhai wake, weusi wake na wekundu wake vinaonekana. Mtu ana haki ya kutoka kwenye picha na rangi aliyozaliwa nayo.

Mwamvuli una shida zake pia. Unamwaga mwanga mpaka nyuma, nao ukigonga ukuta wa rangi unarudi na rangi hiyo. Sebule ya yule bibi ilikuwa ya kijani, na shavu lake la kulia, upande wa kivuli, lilianza kuwa la kijani. Mama mwenye nyumba alitoa shuka jeupe, tukalitundika upande huo kwenye fimbo ya pazia, kijani kikaisha na kivuli kikapungua makali. Tangu hapo shuka jeupe linakaa kwenye begi langu. Siku ambayo chumba ni kidogo mno hata stendi haifunguki, nageuza kichwa cha flashi kikalipiga shuka lenyewe, na linakuwa taa kubwa kuliko mwamvuli. Dari ya mbao nayo ni hivyo hivyo: mwanga ukipita huko unarudi wa kahawia, kwa hiyo siigusi.

Shida nyingine ni upepo. Nyumba za Bwiru na Capri Point zinazotazama ziwa, madirisha yakiwa wazi alasiri, stendi inayumba kama tanga. Funga madirisha, au ning'iniza mfuko wa mchanga kwenye stendi. Watoto wakiwepo, mpe mtu mmoja kazi ya kuishika.

Kwa kundi la watu wanane lazima urudishe mwamvuli nyuma, na ukiutoa mita moja ukaupeleka mita mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Hapo flashi moja inahema. Softiboksi, lile boksi la kitambaa linalofungwa mbele ya flashi, ya sentimita 80 inazuia mwanga usimwagike ovyo na kwenye kuta za rangi ni bora, ila ni nzito, inachukua muda kufunga, na bei yake si ya mwamvuli.

Kwa hiyo mwenye pesa ya kitu kimoja, na kazi yake ni picha za watu ndani, anunue mwamvuli mweupe, stendi, kishikizo cha flashi na triga, kile kifaa cha juu ya kamera kinachoiwasha flashi kwa redio. Kofia asihangaike nayo. TT600 ina kipokezi cha redio ndani yake, kwa hiyo triga moja ya Godox X2T juu ya kamera inatosha. Kabla hujalipa, soma herufi ya mwisho kwenye boksi la triga: C ni ya Canon, N ya Nikon, S ya Sony. Ukiagiza kutoka Kariakoo, mwambie muuzaji akutumie picha ya boksi kwanza kabla mzigo haujapakiwa kwenye basi.