Adapta ya safari niliyoinunua Kariakoo: inabadili miguu ya plagi, haibadili umeme

Adapta hii niliinunua Kariakoo kwa ajili ya safari ya Istanbul na Chicago, na kwa wiki sita imekuwa tegemeo la simu mbili na kompyuta mpakato. Ni kiboksi kinachoenea kiganjani, chenye matundu mawili ya USB ubavuni na tundu la kupokea plagi yetu ya miguu mitatu bapa. Ukisukuma vitufe vyake, hutokeza miguu ya mviringo ya Uturuki au ile myembamba ya Marekani.

Kwa kuchaji, naisifu bila kusita. Chaja nyingi za simu na kompyuta hupokea volti 100 hadi 240, na maandishi madogo yaliyochapwa juu ya chaja husema hivyo waziwazi, kwa hiyo volti 230 za Uturuki, sawa na za kwetu, na 120 za Marekani hazikunisumbua.

Tatizo ni maneno ya muuzaji, aliyenihakikishia kwamba adapta hii hupunguza na kuongeza umeme. Tundu lake la plagi halina transfoma, yaani kifaa cha kubadili volti, na umeme unaoingia ndio huohuo unaotoka hapo. Pasi yangu ya volti 230 niliyoichomeka Chicago iliishia kuwa vuguvugu, kwa kuwa kifaa cha kupasha joto kikipewa takriban nusu ya volti zake hutoa karibu robo tu ya joto lake. Hatari kubwa iko upande wa pili: mashine ya kukaushia nywele ya volti 120 iliyoletwa nyumbani kama zawadi, ikichomekwa Dar es Salaam kwa adapta kama hii, itaungua na inaweza kuwasha moto. Wauzaji wanapaswa kulieleza jambo hili kabla ya kupokea fedha ya mtu.

Mgongoni imeandikwa kuwa mwisho wake ni ampea 6, ilhali birika la wati 2,000 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 9. Aidha, miguu yake ya Uturuki ni miwili tu na haigusi vibao vya ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja) vilivyo ndani ya soketi za huko, kwa hiyo vifaa vyenye mwili wa chuma visitumiwe nayo kabisa.

Dosari nyingine ni upana na uzito. Soketi za Istanbul zimezama ukutani na kiboksi hiki ni kipana, basi miguu haikuingia hadi mwisho. Chicago ilining'inia, ikachomoka usiku, nikaamka simu ikiwa na asilimia 12. Tangu hapo niliilaza mezani, nikaiunganisha na soketi kwa ekstensheni fupi niliyoinunua hukohuko, na haikuchomoka tena hadi siku ya kurudi.