Walinikatia saa nzima ya "Le Salaire de la peur"

Muvi yenyewe naipenda mno, na ndiyo maana nimekasirika hivi. Ni ya Wafaransa, ya mwaka 1953, kazi ya Henri-Georges Clouzot, na jina lake kwetu lingekuwa Mshahara wa Hofu. Wanaume wanne, malori mawili, shehena ya nitrogliserini, kilipuzi kinacholipuka kwa mtikiso mdogo tu, ya kwenda kuzima moto kwenye kisima cha mafuta. Gurudumu likiingia vibaya shimoni, hakuna hata kiatu cha kuzika. Niliiona zamani kwa rafiki yangu. Mpaka leo nakumbuka Jo, mmoja wa wale wanne, anavyosokota sigara: ghafla tumbaku inapeperuka kutoka kwenye karatasi, mwanga unapiga, basi. Lori la wenzao halipo tena. Hakuna damu wala kelele ya mtu, na mwili mzima unakufa ganzi.

Hivi karibuni nikataka baba mdogo naye aione. Ameendesha tangi la mafuta njia ya Tunduma miaka mingi hadi alipopumzika. Nikaenda kwa kijana mmoja anayeweka muvi kwenye flashi. Elfu mbili, nikalipa bila kuomba apunguze. Niseme na haki yake: muvi za zamani anazo kuliko wenzake wote pale mtaani.

Usiku tukawasha. Inaanza malori yakiwa yanapakiwa! Mtoto wa mwanzo, yule anayechezea mende aliowafunga uzi, hayupo. Mji wa Las Piedras wenyewe haupo, na jua lake, na baa yake, na wale wageni waliokwama bila kazi wala nauli ya kuondokea.

Baba mdogo hakujua, akaendelea kutazama. Kwenye ile kona ya mlimani, ambapo lori lazima lirudi nyuma juu ya jukwaa la mbao zilizooza ili lipate kukata, niliona mguu wake wa kulia unakandamiza zulia taratibu, kama yuko kwenye breki. Halafu Jo akatimka, akamwacha mwenzake wa lorini, Mario, peke yake. Baba mdogo akanigeukia: "Sasa mwoga kama huyu walimpakia wa nini?" Na baadaye Jo alipokanyagwa mguu na lori kwenye dimbwi la mafuta, baba mdogo akasema, "Bora."

Roho iliniuma. Jo si mwoga wa kuzaliwa! Ameshuka kwenye ndege na suti nyeupe, mji mzima unamwogopa. Ndani ya baa anamkabidhi Luigi, dereva mwingine kati ya wale wanne, bastola, anamwambia haya piga, na Luigi anashindwa. Huyo ndiye mtu ambaye barabara inamvunja mbele ya macho yetu. Ukiitoa ile saa ya kwanza, unabaki na mzee anayelialia ndani ya lori.

Kesho yake nikarudi dukani kwa ustaarabu kabisa. Kijana hakuinua hata macho kwenye simu. "Bro, hiyo nimeikata mwenyewe. Saa nzima watu wamekaa baa, hakuna ekshini. Nimekusaidia." Nikamwambia naomba nzima. "Nzima ya nini? Nani anaangalia?" Akamgeukia mteja mwingine, nami nimesimama pale na flashi mkononi.

Amenisaidia! Hata Wamarekani waliikata miaka ile, wakatoa sehemu zinazoisema vibaya kampuni ya mafuta, na bado hilo linaniudhi. Nilipoanza kuandika nilitaka kuwashauri mwende kwake, ila msisitize mpewe isiyokatwa. Sasa nasema msiende. Labda kwa muvi za ngumi. Hapana, hata hizo, maana hujui amekuondolea nini.

Nzima niliipata kwa yule rafiki yangu. Dakika za mwisho sikubaliani nazo hata leo, naona Clouzot alimwonea Mario, lakini nyota zake tano nampa. Tuliiangalia tena na baba mdogo. Pale kwenye bastola alisema, "Kumbe alikuwa mwanaume." Tulipofika kwenye dimbwi, gurudumu likawa linamsogelea Jo, baba mdogo akanyanyuka, akatoka, akasimama barazani kwa muda mrefu. Nilimwita. Akasema nisimamishe kwanza.