Elfu tano ya taka Tabata: gari au guta?

Nashona nguo barazani kwangu Tabata, Dar es Salaam, cherehani mbele, vyumba vya wapangaji nyuma, na nimeshalipia huduma zote mbili za kuzoa taka zinazopita mtaani kwetu: gari la mkandarasi na guta la vijana, yaani baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Watu wananiuliza ipi inalipa. Wengine wanauliza kabisa kwa nini utoe hela wakati kiberiti kipo dukani na uani kuna nafasi. Majina siyataji, kwa sababu mkandarasi wa leo si lazima awe wa mwakani, na huko kwako pengine yupo mwingine mwenye tabia hizo hizo.

Mimi huduma ya taka naipima kwa moshi. Gari likipita kwa wakati, jioni mtaa unapumua. Likikosa wiki mbili mfululizo, ikifika magharibi unaona uzi wa kwanza unapanda nyuma ya ukuta wa jirani, kisha wa pili kule kwenye kona ya msikiti, na mpaka saa mbili usiku ndani kwako hakukaliki. Hakuna mtu anayechoma akiwa na kiroba kitupu. Wanachoma waliojaza viroba vitatu, funza wameanza kutoka chini, na mpangaji mmoja ameshagomba na mwenzake nani kaweka pampasi mlangoni.

Kwa fundi nguo moshi ni hasara ya pesa. Satini na shifoni zinashika harufu. Nilikuwa na gauni la send-off limetundikwa kwenye henga, limebaki kukazwa zipu tu, jirani akawasha uani kwake: majani ya mwembe, maganda ya ndizi, chupa za maji, na nadhani ndala, maana moshi ulitoka mweusi wenye ule ukali wa mpira. Bibi harusi alipokuja kujaribisha alinusa kwapa la gauni kabla hajalivaa. Nikalifua, nikalianika, nikalipiga pasi upya, na bado nikapunguza bei. Jirani nilimfuata. "Dada, samahani, lakini gari halijapita tangu lini?" akaniuliza. Sikuwa na jibu la kumpa.

Hapo ndipo utata wote ulipo. Katazo lipo, tena si moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, pamoja na kuhakikisha zinatenganishwa kule zinakozalishwa. Kanuni ya Adhabu nayo ina kosa la kuchafua hewa mpaka ikadhuru afya za watu wa jirani, na kosa hilo limo humo miaka mingi kabla mtu hajavumbua mfuko wa rambo. Halafu kuna sheria ndogo za halmashauri, ambazo ndizo zinazotugusa: weka chombo cha taka, lipa ada, usitupe mtaroni, usichome. Kwenye ofisi yetu ya serikali ya mtaa tangazo limebandikwa pembeni ya dirisha, jua limelipausha lakini neno MARUFUKU bado linasomeka. Nimeuliza kama kuna mtu amewahi kulipa faini ya moshi mtaani kwetu. Mtendaji alicheka, akasema faini anazozikumbuka ni za wasiolipa ada.

Halafu hii ni Tabata. Vijana wengi hawajui kwamba jalala la jiji zima liliwahi kuwa hapa hapa, likiwaka usiku na mchana, na wakazi wakachoka na moshi, harufu na nzi, wakalipeleka Jiji Mahakama Kuu mwaka 1988. Wakashinda. Jiji liliporudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, jaji alikataa, akastaajabu kuona chombo cha umma kikija kifua mbele kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Jiji likahamia Kunduchi Mtongani, na huko nako likashtakiwa, mwaka 1991. Leo taka zetu zinakwenda Pugu Kinyamwezi. Kwa hiyo wazee wa hapa walishinda kesi ya moshi mkubwa, sisi wajukuu tunawasha midogo midogo mia uani.

Sasa gari. Mkandarasi anatoza shilingi elfu tano kwa kaya kwa mwezi. Kijana wa kukusanya aliponiona na cherehani akaandika kumi.

"Mama, ukiwa na cherehani nje hii ni biashara."

"Na wewe ukiwa na redio kwenye gari ni kituo cha matangazo?"

Alicheka lakini kalamu hakuirudisha. Nikaenda kwa mtendaji, akanitolea jedwali la viwango, na kweli biashara ndogondogo ina mstari wake. Nalipa kumi. Ninachoshauri ni hiki: usibishane mlangoni, nenda ukaombe uonyeshwe jedwali, ni haki yako. Na usilipe mkononi bila risiti. Siku hizi kuna namba ya malipo unalipia kwa simu, ujumbe unabaki, na mwisho wa mwezi wakija na daftari lao wakidai hujalipa unawafungulia simu tu.

Ratiba inasema mara mbili kwa wiki. Kiangazi wanakaribia kuifuata. Masika usahau. Barabara ya kuingia kwetu ni ya vumbi, mvua ikishapiga siku tatu inakuwa tope na mashimo, gari zito haliingii, linasimama barabara kubwa linapiga honi, na hapo ni mbio: wanawake na wasichana wa kazi na viroba mabegani, maji ya taka yanachuruzika mgongoni. Ukichelewa kidogo limeondoka. Bibi wa nyumba ya tatu ana miguu ya kuvimba, hawezi mbio hizo, na ada analipa ileile. Viroba vyake vinabebwa na watoto wa jirani wakiwa hawajaenda shule. Wakiwa wamekwenda, vinabaki.

Sifa yao moja kubwa ni kwamba gari halichagui. Pampasi, vioo vilivyovunjika, godoro lililooza, vyote juu. Vijana wa juu ya gari wanafanya kazi ngumu mno kwa glovu zilizotoboka, wengine hawana kabisa, na wanachambua chupa za plastiki papo hapo wanazitia kwenye mfuko wao pembeni kwa ajili ya kuuza kwa kilo. Siwalaumu. Ninaowalaumu ni wa ofisini. Gari likiharibika hawasemi. Wana namba za simu za wateja wote, kwa kudai ada wanazitumia vizuri sana, lakini ujumbe wa "kesho hatupiti" sijawahi kuupata. Ujumbe huo ungezuia moto kuliko tangazo lililobandikwa dirishani, maana mtu akijua gari linakuja Alhamisi atafunga kiroba vizuri akasubiri. Anayechoma ni yule asiyejua.

Guta ni habari nyingine. Ni kikundi cha vijana wa hapa hapa, wamesajiliwa mtaani, wanaanza saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Wanaingia vichochoro ambavyo gari halitakaa liingie. Wanabisha hodi. "Shikamoo mama, taka," kisha wanachukua uani kabisa, hukimbii kokote. Nyumba yangu na wapangaji wangu nawalipa kwa kiroba, mia tano kwa kidogo na elfu kwa kile cha kilo hamsini. Ukijumlisha mwezi mzima inapita ile ya gari kidogo. Lakini tangu nianze nao ukuta wa nyuma kwangu haujafuka, na jirani yule wa satini sasa ni mteja wao.

Walichonifundisha ni kutenganisha, na hapa niseme kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndipo kiberiti kinapokosa kazi. Taka nyingi za nyumba ya Kiswahili ni za jikoni: maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, mabua ya mchicha, maganda ya machungwa. Ni mabichi, yana maji. Ukiyachanganya na karatasi na vifungashio vya plastiki ukawasha, moto haupandi, unafuka. Moto wa kufuka ndio mbaya zaidi, kwa sababu joto ni dogo na vitu haviungui vikaisha. Plastiki za jamii ya PVC, kama vipande vya mabomba na maganda ya waya, zikiungua hivyo zinatoa dioksini, sumu inayotua kwenye udongo na kukaa miaka. Kuku wa kienyeji wanapekua jivu lile, sumu inakaa kwenye mafuta ya mwili wao, na kiini cha yai kina mafuta. Majirani wanaonunua mayai ya kienyeji kwa bei ya juu ili wale kitu kisafi, waangalie kwanza kuku wanashinda wapi.

Basi kwangu kuna ndoo ya jikoni na kiroba cha vikavu. Ya jikoni inakwenda kwenye shimo chini ya migomba, nafukia kwa udongo, na mkungu wa mwaka huu uliinamisha mgomba. Asiye na ua hawezi hilo, najua. Manispaa ya Kinondoni ina mtambo wa mboji kule Mabwepande unaogeuza taka za masokoni kuwa mbolea, kwa hiyo si jambo la kuota, linafanyika hapa hapa Dar. Chupa namwekea mwokota makopo. Na vipande vya vitambaa, ambavyo ni taka yangu mimi fundi, haviendi popote na moto. Polista haigeuki jivu, inayeyuka na kudondoka kama mshumaa, ikikudondokea mguuni inabandika na ngozi. Vya pamba wanakuja kuvichukua watu wa gereji wanafutia oili, vya bitana na polista anavichukua mama mmoja anayejaza mito.

Kasoro za guta. Pampasi hawachukui bila kuongeza hela. Vioo wanakataa, na wana haki, wanabeba kwa mikono. Majani ya mti hawayataki kabisa kwa kuwa yanajaza guta bila uzito. Halafu kizimba wanachomwagia kikijaa, yaani gari la kukitoa likichelewa, nao wanasimama. Kwa hiyo guta na gari si washindani kama wanavyojidai. Guta bila gari linaishia kizimbani, na kizimba kikijaa vijana wa skrepa wanaingia kutafuta waya, wanauchoma pale pale wapate shaba. Moshi wa waya unaujua, unakaa kooni mpaka asubuhi.

Majani sasa. Tangu Uhuru wa mwaka 2015, pale sherehe za tarehe 9 Desemba zilipofutwa tukashika mafagio, tumeizoea Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuwa siku ya usafi, maduka yanafunguliwa baadaye, kila mtu anafagia mbele ya nyumba yake. Jambo jema sana. Lakini saa nne ikifika kuna chungu za majani na vifungashio kila baada ya nyumba tatu, gari halijapangwa kuja siku hiyo, na mwenye haraka anawasha. Siku ya usafi mtaani kwetu ndiyo siku yenye moshi mwingi kuliko zote za mwezi. Mkandarasi anayetaka nyota ya tano kutoka kwangu alete gari Jumamosi hiyo saa nne kamili, hata kama itabidi apumzike Jumatatu.

Tahadhari moja kwa wanaotumia mkaa: majivu ya jiko yamwagie maji kabla hujayatia kwenye kiroba. Kaa moja lililo hai likipanda juu ya gari lenye karatasi kavu, gari zima linawaka barabarani.

Maksi zangu. Gari la mkandarasi, tano kati ya kumi: linabeba kila kitu, bei ni ya haki, lakini halina mawasiliano na masika linatutupa. Guta la vijana, nane: gharama iko juu kidogo, adabu nzuri, kichochoroni hawana mpinzani. Kama unakaa barabara ya lami na una watoto wa pampasi, chukua gari. Kama uko ndani ndani kama mimi, chukua guta, na pampasi zilipie hiyo ziada, usizitie shimoni. Mwenye nyumba yenye wapangaji wengi aingize hela ya taka kwenye kodi moja kwa moja. Ukimwachia kila mpangaji alipe mwenyewe, mmoja hatalipa, na huyo ndiye atakayewasha.

Jirani yako akichoma, anza naye mwenyewe, kwa salamu. Akishupaa nenda kwa mjumbe, kisha ofisi ya mtaa, kisha kwa bwana afya wa kata, na upeleke maandishi yenye tarehe. Ukifika huko beba na tarehe ambazo gari halikupita, maana hilo ndilo swali la kwanza atakalojitetea nalo.