Kabati la sinki la bafuni la kuagiza kwa fundi: uzoefu wangu baada ya miezi 14

Kabati lina upana wa sm 90, kina cha sm 48 na kimo cha sm 55. Limening'inizwa ukutani, sm 28 kutoka sakafuni, na juu yake kuna graniti ya mm 20, hivyo kaunta inafika sm 85. Lilitengenezwa kwenye karakana moja ya Keko, Dar es Salaam. Kazi ya mbao ni nzuri sana. Kasoro niliyoikuta ilitokana na vanishi, na ndiyo ninayotaka kila anayeagiza aijue.

Boksi ni plaiwudi ya mm 18. Milango na uso wa droo ni mninga, mti usiopindapinda hovyo unyevu ukibadilika. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) niliikataa, hata ile ya kijani inayouzwa kwa ajili ya sehemu zenye unyevu. Ukijani wake ni rangi ya utambulisho tu. Inavumilia hewa yenye unyevu kuliko ya kawaida, lakini ukingo uliokatwa ukiachwa wazi na maji yakaingia, unavimba na haurudi. Plaiwudi nazo si sawa zote: omba kipande kidogo, kichemshe saa mbili, kikaushe. Matabaka yakiachana, gundi hiyo haifai bafuni.

Sasa vanishi. Bawaba za kisasa zinakaa kwenye tundu la kipenyo cha mm 35, kina cha mm 12 hivi, ndani ya mlango wa mm 18. Hapo mbao inabaki uchi. Tundu la bomba la kutoa maji nalo ni hivyo hivyo, na ukingo wa chini wa mlango ambao hakuna anayeuinamia kuutazama. Kabati langu lilipigwa vanishi likiwa limeshafungwa bawaba, na tundu la bomba lilitobolewa siku ya kufunga, nyumbani. Mwezi wa tano tangu lifungwe, plaiwudi kuzunguka tundu hilo ilianza kuwa nyeusi na kuchanika tabaka la juu. Tiba ilikuwa kushusha kila kitu, kukausha siku tatu, kupiga msasa, kupaka poliuretheni (vanishi inayozuia maji) mikono mitatu ndani ya matundu yote, kisha silikoni kuzunguka bomba. Tangu hapo pametulia. Kwa hiyo gawa malipo: nusu mwanzo, robo ukishaona matundu yote yametobolewa na kupakwa kabla bawaba hazijafungwa, robo ya mwisho kabati likiwa ukutani.

Bawaba na reli za droo ziwe za stenlesi, daraja la 304. Hewa ya chumvi ya pwani inakula zile za kung'arishwa kwa nikeli, na kutu huanzia kwenye skurubu. Nenda na sumaku: mkono wa bawaba usiivute kwa nguvu, ingawa springi ya ndani inaweza kuivuta.

Vipimo vichukuliwe baada ya marumaru kubandikwa, si kabla. Pima upana mara tatu: chini, katikati na juu, kona za nyumba zetu ni nadra kuwa na nyuzi 90 kamili. Agiza kwa kipimo kidogo kuliko vyote, toa mm 5 kila upande. Pima pia kimo cha bomba la kutolea maji, maana droo ya juu lazima ikatwe umbo la U kuipisha sifoni, yaani bomba lililopinda chini ya sinki. Fundi seremala asipokutana na fundi bomba, droo inagonga bomba, na wa kulaumiwa hapatikani.

Uzito usiuchukulie kirahisi. Graniti ya mm 20 ina takriban kilo 54 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kipande changu pekee ni kilo 23, bado sinki, boksi na vitu vya ndani. Bolti nne za mm 10 zinatosha kwenye tofali lisilo na uwazi. Tofali lenye matundu linataka chuma cha pembe chini ya boksi, au kabati la miguu.

Silikoni ya kaunta iwe isiyo na asidi. Yenye harufu ya siki inaweza kuacha doa kwenye jiwe. Na mwambie mkata graniti achonge mfereji wa mm 4 upande wa chini, sm 1 kutoka ukingoni. Maji yanayoteremka yanadondokea hapo badala ya kurudi kwenye milango. Kwangu haukuchongwa, na vichwa vya milango ndivyo ninavyovipaka tena vanishi mwezi huu.