Rimu za baridi za Tesla Model 3: kipi ununue kwanza

Sweden inakutaka uwe na matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31 barabara ikiwa na theluji au barafu, na kina cha kashata za tairi kisipungue milimita 3. Watu hukimbilia kuuliza tairi gani. Anza na rimu, maana tairi zuri kwenye rimu isiyokaa ni hela iliyotupwa.

Model 3 ya kawaida ina nati tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3 (huandikwa 5x114.3), tundu la katikati la milimita 64.1, ET 40 (uso wa kufungia uko milimita 40 kutoka katikati ya upana wa rimu), na nati za saizi ya M14x1.5. Harrier nayo ni 5x114.3, lakini tundu lake ni 60.1, hivyo rimu yake haipiti kwenye habu, kile kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu la rimu. Tundu likizidi 64.1, pete ya kujaza nafasi inasaidia. Likipungua, achana nayo. Mwenye Model 3 Performance, toleo la kasi zaidi, apime upya kabisa, breki zake ni kubwa.

Chaguo langu la kwanza ni rimu za inchi 18 za kiwandani, za mtumba, zenye tairi za saizi ya 235/45R18. Zinakaa bila pete, tairi lina unene wa kuvumilia mashimo, na gari linakula umeme kidogo kuliko kwenye inchi 19, wakati ambao baridi yenyewe imeshakupunguzia kilomita. Muulize muuzaji sensa za kupima upepo wa tairi ni za aina gani: magari ya miaka ya mwanzo yanatumia 433 MHz, ya baadaye Bluetooth, na haziingiliani. Hapa ndipo wengi wanapigwa.

La pili, rimu mpya za kampuni nyingine. Nzuri, mradi uzito zinaobeba umeandikwa. Betri inalifanya gari kuwa zito, kwa hiyo tafuta tairi la XL (lililoimarishwa kubeba uzito zaidi) lenye namba ya uzito 98, yaani kilo 750 kwa kila tairi.

La tatu, kununua matairi tu na kuyabadilisha kwenye rimu zilezile. Leo ni nafuu, ila utamlipa fundi kuvua, kuvalisha na kubalansi mara mbili kila mwaka.

Matairi ya misimu yote nayaweka mwisho. Ujerumani ya tambarare sawa, Kiruna, kaskazini kabisa mwa Sweden, hapana. Ukiyachukua, yawe na alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji. Alama ya M+S (matope na theluji) peke yake haitoshi.

Kuhusu matairi ya misumari: mkazi wa Stockholm hana haja nayo, na kwenye barabara ya Hornsgatan jijini humo yamepigwa marufuku tangu 2010. Anayeendesha kwenye barafu za kaskazini kila siku, aweke.

Ukifunga mwenyewe, jeki ikae kwenye sehemu zake nne tu, kamwe si chini ya betri. Kaza kwa 175 Nm, kisha rudia baada ya kilomita 100 hivi.