Njia ya Baiskeli ya Namirembe Road, Kampala: Je, Inamfaa Anayekwenda Kazini?

Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum ndipo mamlaka ya jiji la Kampala ilipoweka njia ya majaribio kwa ajili ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Sera ya taifa ya usafiri usiotumia injini iliandikwa mwaka 2012, lakini kwa miaka mingi tuliisikia tu bila kuiona barabarani. Kwa hiyo njia hii, pamoja na ufupi wake, inastahili kupimwa kama huduma nyingine yoyote, kwa maswali yale yale ambayo abiria huuliza kuhusu teksi (basi dogo la abiria) au bodaboda: itanifikisha salama, saa ngapi, na kwa gharama gani?

Kwenye gharama hakuna ubishi. Nauli ya teksi mjini Kampala ina bei yake ya asubuhi na bei yake ya jioni, na mvua ikianza kudondoka kondakta hutaja bei ya tatu kabla abiria hajakunja mwavuli. Mwenye baiskeli humlipa fundi anapopata pancha, hubadilisha breki zikilika, na yaliyobaki hulipwa na miguu yake.

Kuhusu muda, sitamdanganya mtu kwamba baiskeli huipita bodaboda. Inachompa msafiri ni uhakika, kwa sababu aliyezoea njia yake anajua atafika saa ngapi, foleni iwepo isiwepo, ilhali aliyekaa ndani ya teksi ya abiria kumi na wanne hajui hata kama itaondoka stendi kabla haijajaa.

Asubuhi na mapema njia yenyewe ni nzuri kweli. Ukiingia kutokea Bakuli unateremka kuelekea mjini, magari yakiwa upande wa pili wa ukingo, na huna haja ya kugeuza shingo kila mara kutazama teksi inayotaka kukubana ili ipakie abiria. Mtu ambaye hajawahi kuendesha baiskeli katika barabara za kawaida za Kampala huenda asione uzito wa jambo hili. Hofu ya kugongwa kutoka nyuma ndiyo inayowafanya wengi waiache baiskeli nyumbani, na pale inapoondoka hata mwanamke aliyevaa sketi ya ofisini huendesha kwa utulivu.

Ukikaribia stendi za teksi na soko la Owino mambo hubadilika, hasa jioni. Turubai la soksi limetandikwa katikati ya njia, jiko la chapati limeegemezwa ukingoni, bodaboda zinapita kinyume kukwepa foleni, na mchukuzi mwenye robota la mitumba kichwani hawezi hata kuinua macho akuone. “Pole ssebo (bwana), pita hapa,” muuzaji ataniambia huku akikunja pembe ya turubai lake, nami nashuka na kuikokota baiskeli. Simlaumu: wateja wake ni hao hao wapita njia, na nafasi ya kuuzia hakupangiwa. Wa bodaboda ndio ninaowalaumu, maana wao barabara wanayo.

Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi naiona kwenye makutano. Ukingo unamlinda mwendeshaji pale ambapo magari yanakwenda sambamba naye, kisha unamwacha pale yanapomkatia njia. Na anayetoka Nateete au Kawempe husafiri sehemu kubwa ya safari yake pembeni mwa malori kabla hajakigusa kipande hiki. Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, njia za baiskeli zilijengwa sambamba na barabara ya mabasi. Nazo huvamiwa na pikipiki, lakini angalau zinamchukua mtu kutoka nje ya mji hadi katikati.

Wanaodai kwamba njia hii imewapokonya wenye magari nafasi wakumbuke makadirio yanayotumiwa sana na wapangaji wa miji: ukanda wa barabara wenye upana wa meta 3.5 hupitisha watu wapatao 2,000 kwa saa wakiwa ndani ya magari, na karibu 14,000 wakiwa juu ya baiskeli.

Kwa anayeishi upande wa Mengo au Bakuli na kuingia kazini mapema, ninaipendekeza bila kusita. Mtoto wa shule nisingemruhusu apite peke yake jioni. Mvua kubwa ikinyesha, subiri kwanza, kwa kuwa bonde la Nakivubo hujaa maji na mashimo hayaonekani. Nunua kufuli imara, maana sehemu za kufungia baiskeli ni adimu mjini, na kengele iwe ya chuma, ile kubwa ya zamani. Hizi ndogo za kisasa hazisikiki mbele ya vipaza sauti vya wauzaji wa Owino.